Matumbo ya Samaki, Mbwa na Maji: Mwongozo kwa Watu wa Bandari ya Juba

Kama riziki yako iko Bandari ya Juba, unazijua saa za samaki kufika. Boti hupanda mto kutoka Terekeka, Mingkaman na Bor zikiwa na sangara, sato na kambale, wengine wabichi, wengine wamekwisha kukaushwa kwa ajili ya kajaik, mchuzi wa samaki wakavu. Samaki hupasuliwa palepale ukingoni. Matumbo yanatupwa mchangani au majini, mbwa wanayagombania, na hatua chache kutoka hapo kuna mtu anachota maji kwa dumu, mwingine anaosha pikipiki, na watoto wanaoga. Mwongozo huu unahusu mahali hapo hasa, ambapo samaki, mbwa, maji na binadamu wanakutana, maana hapo ndipo minyoo hupata njia ya kutoka kwa kiumbe mmoja kwenda kwa mwingine.

Nawaandikia wote wanaofanya kazi pale, na zaidi ninyi mliokuja kutoka Arua, Gulu, Bunia, Eldoret au Mwanza, kwa barabara ya Nimule au kwa njia nyingine, hasa tangu Sudan Kusini ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Wengi wenu mmetoka katika nchi ambazo mnyoo mmoja wa kutisha umekwisha kabisa. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda haina mnyoo wa Guinea mwaka 2009, Kenya mwaka 2018 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Sudan Kusini bado inapambana nao. Kwa hiyo mazoea uliyokuja nayo kutoka nyumbani, ya kunywa maji ya kidimbwi shambani au kumtupia mbwa utumbo wa samaki, hapa yana uzito mwingine.

Ukitaka kuanza na jambo moja tu, anza na matumbo ya samaki.

Anayepara samaki awe na ndoo yenye mfuniko. Matumbo yote yaingie humo, yasiguse mchanga wala maji. Jioni ndoo ipelekwe mbali na ukingo, shimo lichimbwe la kina cha kutosha ili mbwa asiweze kufukua, matumbo yafukiwe na udongo ushindiliwe. Mahali pasipo na nafasi ya kuchimba, yachomwe moto hadi yaishe. Kazi hii haimshindi mtu mmoja, lakini mtu mmoja akiifanya na jirani yake asiifanye, mbwa watahamia kwa jirani. Wapara samaki wa sehemu moja wakubaliane, wachangie shimo moja, na zamu ya kufukia ijulikane ni ya nani. Naona hili lina faida kubwa kuliko mikutano mingi ya afya, kwa sababu linafunga mlango mmoja ambao minyoo ya aina kadhaa huutumia.

Mnyoo wa Guinea

Mzunguko wake ni huu. Katika maji yaliyotuama kuna viroboto wa maji, wadudu wadogo kiasi kwamba jicho huwaona kwa shida. Viroboto hao humeza viluwiluwi vya mnyoo. Mtu akinywa maji hayo bila kuyachuja, kiroboto hufia tumboni lakini kiluwiluwi hubaki hai, hutoboa ukuta wa utumbo na kukua taratibu mwilini. Kwa takriban mwaka mzima mtu hajui chochote. Kisha lengelenge hutokea, mara nyingi mguuni, linawaka kama moto, na mnyoo jike wenye urefu unaoweza kufika mita moja huanza kutoka. Maumivu ya kuungua humfanya mgonjwa akimbilie maji ili apoe. Mguu ukiingia majini, mnyoo humwaga viluwiluwi kwa maelfu, na viroboto hula tena.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini mzunguko huu ni wa binadamu peke yake. Chad ndiyo iliyowafumbua macho. Nchi hiyo ilikaa takriban miaka kumi bila kuripoti mgonjwa, kisha mwaka 2010 wagonjwa wakaonekana tena, na kuanzia 2012 ikagundulika kwamba mbwa wa vijiji vya kando ya mto Chari wanatokwa na mnyoo huohuo. Mwaka 2019 peke yake mbwa zaidi ya 1,900 walipatikana nao nchini humo. Nchini Ethiopia mnyoo huo ulionekana hata kwa nyani. Uchunguzi ukaelekeza kwenye samaki na vyura: samaki humeza viroboto wenye viluwiluwi, viluwiluwi hukaa ndani yake, na mbwa akila samaki mbichi au matumbo yake huambukizwa. Mtu akila samaki huyo bila kuiva vizuri, naye yumo hatarini. Baadaye mbwa mwenye mnyoo huingia kidimbwini kujipoza kama vile mtu angefanya, na maji ya kijiji kizima yanachafuka.

Ndiyo maana nimeanza na ndoo ya matumbo.

Sasa usiogope mto wenyewe kupita kiasi. Viroboto wanaobeba mnyoo huu hupenda maji yaliyosimama, na Bahr el Jebel, kama Nailo unavyoitwa hapa, unapopita mbele ya bandari unakwenda kasi. Hatari kubwa iko kwenye vidimbwi vinavyobaki mto unapopungua, mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, mashimo yaliyochimbwa kwa ajili ya ujenzi na kujaa mvua, na maji ya kambi za ng'ombe. Mfanyabiashara anayetoka bandarini kwenda kununua samaki au ng'ombe vijijini, akanywa alichopewa kwenye kibuyu, yumo hatarini zaidi kuliko anayeshinda gatini. Terekeka, Awerial na Kapoeta Mashariki ni majina ambayo yamewahi kuwa kwenye orodha za programu ya kuutokomeza, na huko ndiko samaki na ng'ombe wengi wa Juba wanakotoka.

Ukienda huko, beba kitambaa cha kuchujia. Programu ya kutokomeza mnyoo hugawa vitambaa vya nailoni vyenye matundu madogo sana, na pia bomba dogo la kuvaa shingoni ambalo mtu hunywea kama mrija, lenye chujio ndani yake. Kama huna, kitambaa safi cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kikikunjwa mara kadhaa, ni bora kuliko kunywa hivihivi. Kitumie upande uleule kila mara, maana ukikigeuza, viroboto uliowachuja wataingia kwenye chombo. Kuchemsha kunaua kila kitu, ila kuni safarini ni taabu, kwa hiyo chujio ndilo litakalokufaa.

Na ukimwona mtu mwenye lengelenge linalowaka na uzi mweupe unaochungulia? Hakuna dawa ya kumeza inayouua mnyoo huu, wala chanjo. Hutolewa kidogokidogo, sentimita chache kwa siku, ukizungushwa kwenye kijiti au kitambaa cha kidonda, na kazi hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa. Asiuvute kwa nguvu. Ukikatikia ndani, mguu huvimba na usaha hujaa, na wapo waliobaki vilema. Kidonda kisafishwe, kifungwe, na mgonjwa asiingie mtoni, kisimani wala kidimbwini kwa sababu yoyote. Akihitaji kupoza maumivu, mguu uwekwe kwenye ndoo, na maji hayo yamwagwe nchi kavu mbali na chanzo chochote cha maji.

Kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Mwambie mhudumu wa afya wa boma, chifu, au nenda kituo cha afya chochote. Taarifa iliyothibitishwa ina zawadi ya fedha, na mgonjwa hutunzwa bure. Ukimwona mbwa au paka mwenye uzi unaoning'inia mguuni au tumboni, mfunge kamba mbali na maji na utoe taarifa vilevile. Usimuue na kumtupa mtoni. Hapo utakuwa umeufanyia mnyoo kazi yake.

Kwa nini uharaka wote huu kwa ugonjwa ambao huenda hujawahi kuuona? Mwaka 1986 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa milioni 3.5. Leo wanaoripotiwa kwa mwaka katika dunia nzima wanahesabika kwa vidole vya watu wachache. Sudan Kusini ilipoanza programu yake mwaka 2006, wagonjwa walizidi 20,000. Kabla ya hapo, mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter aliwashawishi wapiganaji wasitishe mapigano kwa karibu miezi sita ili wahudumu wa afya wafike vijijini na vichujio. Dakta Samuel Makoy ameiongoza programu ya Sudan Kusini kwa miaka mingi, na kazi kubwa imefanywa na wanakijiji wa kujitolea wanaotembea nyumba kwa nyumba. Machi 2018 ilitangazwa kwamba nchi imepitisha miezi 15 bila mgonjwa. Watu walishangilia. Mwaka huohuo wakapatikana wagonjwa 10. Ugonjwa unapofika hapo, mgonjwa mmoja aliyefichwa anaweza kurudisha nyuma kazi ya miaka, na mtu wa bandarini, anayekutana na wasafiri wa kila upande, anaweza kuwa wa kwanza kumwona.

Maji ya mtoni na kichocho

Kichocho nacho kiko Nailo, na hiki hakisubiri unywe. Konokono wa majini hutoa viluwiluwi vinavyoogelea na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa binadamu kwa sehemu kubwa, ingawa panya na nyani wamekutwa nacho, na ng'ombe wana kichocho cha kwao. Walio hatarini zaidi ni wavuvi, wanaosukuma boti, wanaojaza maji, wanaoosha nguo na pikipiki, na watoto wanaooga.

Viluwiluwi hivyo haviishi zaidi ya siku mbili nje ya konokono. Maji ya kuogea ukiyaweka kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku mbili kamili, kichocho kimekwisha humo. Ukiwa na mapipa mawili, unaoga la juzi huku la leo likisubiri. Kuchemsha maji ya kuogea nako kunatosha. Kwa maji ya kunywa, kukaa siku mbili hakutoshi, maana kipindupindu na homa ya matumbo havifuati kalenda ya konokono. Yachemshe au yatie klorini. Maji ya boza usiyaamini kwa sababu tu yamekuja na lori. Muulize dereva ameyajazia wapi na kama yametiwa dawa. Kama hakujibu sawasawa, yafanye kama maji ya mto.

Osha pikipiki juu, kwenye nchi kavu, kwa ndoo. Usiingie nayo majini.

Anayeshinda majini kila siku apime kinyesi angalau mara moja kwa mwaka. Dawa yake ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtu, na inafanya kazi vizuri. Damu kwenye choo, tumbo linalouma mfululizo, uchovu usioeleweka: usingoje mpaka tumbo livimbe.

Samaki jikoni

Mama lishe wa bandarini tayari anafanya jambo moja sawa: kajaik huchemshwa muda mrefu, na mchemko huo unaua minyoo yote. Shaka iko kwa samaki wa kuchoma kwa haraka, aliyeungua nje na ndani nyama bado ina ubichi mfupani. Pasua samaki mkubwa vipande, chanja hadi karibu na mfupa, na usimtoe motoni mpaka nyama yote iwe imebadilika rangi na inaachia mfupa yenyewe. Samaki aliyekauka nusu usimle hivyo, mrudishe sufuriani.

Ukipasua sato ukakuta vijinyoo vya manjano karibu na matamvua, si lazima umtupe. Vitoe, mpike vizuri. Vikiliwa vibichi vinaweza kujishikiza kooni. Kisu na ubao wa samaki mbichi visiende kwenye nyanya na vitunguu kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Ng'ombe, nguruwe, na tegu

Nyama ya ng'ombe inaweza kubeba mbegu za tegu, vifuko vidogo vyeupe vinavyolingana na punje ya mchele, ndani ya msuli. Ukila nyama mbichi au nusu mbichi, tegu hukua utumboni hadi mita kadhaa. Utajua unapoona vipande bapa vyeupe, mara nyingine vinatembea, kwenye choo au nguo ya ndani. Ni kero kubwa, lakini hutibika kwa urahisi.

Tegu wa nguruwe ni jambo jingine kabisa, na hapa ningependa usome polepole, hasa wewe unayefuga au kuuza nguruwe. Nguruwe huupata kwa kula kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mtu huupata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Hadi hapo ni sawa na ng'ombe. Lakini mayai ya tegu huyu yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu ya mpishi au mboga zilizomwagiliwa maji machafu, hayafanyi tegu utumboni. Hufanya vifuko katika mwili, na vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Maana yake ni kwamba mtu asiyegusa nguruwe maisha yake yote, kwa dini au kwa hiari, anaweza kupata kifafa kwa sababu jirani yake au mpishi wake ana tegu na hanawi mikono. Fungia nguruwe zizini, jenga choo na kitumie, pika nyama hadi isibaki wekundu ndani, nawa kwa sabuni kila utokapo chooni. Majokofu ya Juba yanategemea jenereta, kwa hiyo usitegemee baridi ikuulie minyoo.

Onyo moja. Mtu mwenye kifafa au anayeumwa kichwa kwa muda mrefu asimeze prazikwanteli bila daktari kumwona. Vifuko vikifa ghafla ubongoni huleta uvimbe unaoweza kumuua.

Mbwa na maini ya mbuzi

Ng'ambo ya mashariki, kwa Watoposa wa Kapoeta na ndugu zao Waturkana wa Kenya, kumekuwa na mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa wa hidatidi. Mbuzi anachinjwa, ini au pafu lina kifuko cha maji, mtu anakikata na kumtupia mbwa. Ndani ya mbwa hukua vitegu vya milimita chache tu, maelfu kwa pamoja. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Miaka inapita. Kifuko kinakua kwenye ini au pafu la mtu hadi tumbo linakuwa kubwa kama la mjamzito.

Shirika la afya la AMREF lilianza programu ya kupambana na ugonjwa huo Turkana mwaka 1983. Wataalamu wakiwemo Eberhard Zeyhle na Calum Macpherson walizunguka na mashine za utrasaundi hadi maboma ya wafugaji, wakawapiga picha watu ambao wasingefika hospitali, na dozi zikapewa mbwa. Somo lake linafaa kwa kila mahali pa kuchinjia karibu na bandari na kwenye masoko kama Konyo Konyo: ini au pafu lenye kifuko lifukiwe au lichomwe, lisiende kwa mbwa hata kama analia. Mbwa wako mpe dawa ya tegu kila baada ya miezi mitatu, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Na uvimbe wa tumboni usichanjwe na mganga wala kutobolewa kwa sindano nje ya hospitali. Maji ya kifuko hicho yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kuua papo hapo, na anayenusurika huweza kuota vifuko vingine. Nenda ukapigwe picha ya utrasaundi, Juba Teaching Hospital au penginepo.

Mbwa hao hao huacha mayai ya minyoo ya safura ya kwao kwenye mchanga wenye unyevu. Kiluwiluwi hupenya unyayo wa mtoto na kuchora mstari mwekundu unaowasha chini ya ngozi. Ndala husaidia sana kuzuia.

Unaporudi kwenu

Mtu anayeuza samaki Juba kwa msimu mmoja kisha akarudi Gulu, Eldoret au Bunia anaweza kuwa ameuchukua mnyoo bila kujua. Wa Guinea huchukua karibu mwaka, hidatidi miaka mingi, kifafa cha tegu huweza kuja baada ya miaka. Muuguzi wa nyumbani, ambaye pengine hajawahi kuona mnyoo wa Guinea maisha yake yote, atadhani lengelenge lako ni jipu na kulitumbua. Mwambie kabla hajauliza kwamba ulikuwa Sudan Kusini, taja mwezi, taja vijiji ulivyolala, na maji ya wapi uliyokunywa.